Pikapu zinazoinuliwa mbele: nani analipa deni la barabara mbovu?

Mvua ikianza kunyesha katika Kivu na Ituri, wenye pikapu wanajua kile kitafuata. Mashimo yanajaa maji, tope inapanda mpaka kwenye tumbo la gari, na kule Goma mawe ya volkano yanagonga chini hata wakati wa jua. Ndiyo maana mafundi wa magaraji wanapokea ombi lilelile kila mara: fundi, inua gari mbele kidogo. Mwenye gari analeta amortiseri mpya pamoja na resori zake, na vyombo vingine vyote vinabaki vile kiwanda kilivitengeneza. Jioni gari inatoka imesimama juu, kichwa kimenyanyuka, na mwenyewe anafurahi.

Kesho yake gari ile inapakia. Inabeba mifuko ya maharagwe, madumu ya mafuta, wamama wa soko na watoto wao. Inashuka mteremko. Hapo ndipo jambo linakuwa la watu wote, siyo la mwenye gari peke yake: kazi iliyofanywa garaji, ilifuata vipimo ama hapana?

Kuinua kidogo huku ukiacha vyombo vya kiwanda kunawezekana, kama kazi inafanywa sawasawa. Kuinua mingi kwa vyombo vilevile ni kuhamisha deni tu. Barabara ambayo haikutengenezwa inalipwa na kiungo cha chuma chenye ukubwa wa ngumi, na kiungo kile kikishindwa, abiria ndiye analipa.

Barabara ndiyo inatuma watu garaji

Barabara za kitaifa zinazobeba maisha ya mashariki zinajulikana na kila mtu. Kuna RN2 inayotoka Bukavu kupitia Goma na Rutshuru mpaka Butembo na Beni. Kuna RN4 inayounganisha Beni na mpaka wa Kasindi, RN27 kutoka Bunia kuelekea Mahagi, RN5 inayoshuka miteremko ya Ngomo kati ya Bukavu na Uvira, na RN3 inayoingia msituni kuelekea Walikale na Kisangani. Sehemu kubwa ya njia hizo ni udongo. Lori zikipita juu ya udongo wenye maji, zinachimba mifereji miwili mirefu, na katikati kunabaki mgongo wa tope. Gari ndogo ikiingia humo, tumbo linakaa juu ya mgongo na magurudumu yanazunguka bure.

Juhudi zilikuwako. Katika Juni 2021, marais wa Kongo na Uganda walizindua mradi wa kutengeneza kilometa 223: kilometa 80 kati ya Kasindi na Beni, kilometa 54 kati ya Beni na Butembo, na kilometa 89 kati ya Bunagana, Rutshuru na Goma. Mwaka mmoja baadaye, Juni 2022, Bunagana ikaingia mikononi mwa waasi wa M23, na kazi ya sehemu ile ya tatu ikakwama.

Kwa upande wa matunzo, inchi iko na mfuko wa taifa wa matunzo ya barabara, FONER, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mfuko huo unapata feza hasa kwenye mafuta ya gari na kwenye vizuizi vya kulipia barabara. Kwa maneno mengine, dereva anayeingia garaji kuomba gari yake iinuliwe amekwisha kulipia barabara alipoweka mafuta. Sasa analipa mara ya pili, kwa amortiseri. Kazi ikiwa mbaya, atalipa mara ya tatu.

Gari gani inahusika

Si kila gari inainuliwa kwa namna moja, na makosa mengi yanaanzia hapo. Land Cruiser za aina ya 70, zile ngumu zinazotumiwa na mashirika, polisi na hospitali, ziko na ponti nzima mbele: chuma kimoja kinachotoka gurudumu la kushoto mpaka la kuume. Ukiinua gari ya namna hiyo, magurudumu mawili yanashuka pamoja na ponti yao.

Hilux za kizazi kilichoanza karibu mwaka 2004 na 2005, pamoja na zile zilizofuata tangu 2015, ziko tofauti. Mbele hakuna ponti nzima. Kila gurudumu linajitegemea, limeshikwa na mikono miwili ya chuma yenye sura ya pembe tatu, ambayo magaraji yetu yanaiita triangili: moja juu, moja chini. Kati ya mikono hiyo imesimama amortiseri iliyozungukwa na resori yake, vitu viwili katika mwili mmoja. Wafaransa wanaiita kombine. Prado za siku hizi nazo zimejengwa kwa mfano huo. Hilux za zamani zaidi zilikuwa na njia ingine, fimbo ya chuma inayojikunja kama kamba, na kabla ya hapo resori za lami.

Kwa hiyo, fundi aliyejifunza kazi juu ya Land Cruiser ya 70 hawezi kubeba akili ileile moja kwa moja mpaka kwenye Hilux. Ile ya kwanza inasamehe mambo mingi. Hii ya pili iko na viungo vingi zaidi, na kila kiungo kiko na mpaka wake.

Mpaka wa sentimeta tano

Mtu akitaka kuelewa, afikirie mkono wake. Bega ni pale triangili inaposhikwa kwenye shasi, kiganja ni pale inaposhika gurudumu. Bega linazungukia juu ya silambloki, yaani kauchu iliyobanwa ndani ya chuma. Kwenye kiganja kuna rotuli, kile kiungo cha mviringo kinachoacha gurudumu lipande, lishuke na kugeuka. Gari ikiwa kwenye kimo cha kiwanda, mikono inakaa karibu ya kulala, na rotuli iko karibu na katikati ya mwendo wake. Iko na nafasi ya kwenda juu wakati wa jiwe, na nafasi ya kwenda chini wakati wa shimo.

Unapofunga kombine ndefu ama yenye resori kali zaidi, mwili wa gari unapanda na mikono inaelekea chini. Rotuli sasa inaishi karibu na mwisho wa mwendo wake, siku nzima, hata gari ikisimama sokoni. Gurudumu likianguka ndani ya shimo, hakuna nafasi iliyobaki. Chuma kinagonga chuma. Wale wanaosikia mlio wa "ko!" upande wa mbele kila gurudumu linaposhuka, wanasikia jambo hilo. Rotuli ya juu inaanza kulegea, kisha inacheza. Siku inapotoka mahali pake, gurudumu linalala upande na usukani hauna kazi tena.

Kwa magari ya aina hii, mafundi na watengenezaji wengi wanachukua sentimeta tano kuwa mpaka wa kuinua mbele kwa triangili za kiwanda. Australia, inchi ambayo inatengeneza vifaa vingi vya kuinua pikapu, kanuni za majimbo mengi zinatumia pia kipimo hicho kuwa mpaka kabla ya kumuita enjinia akague. Ni kwa sababu ya pembe za viungo vile.

Kardani nazo zinaingia katika hesabu. Zinapeleka nguvu kutoka diferansieli mpaka kwenye magurudumu ya mbele, na zenyewe zinapindika pamoja na mikono. Pembe ikizidi, ngozi ya kauchu inayofunika grisi inajikunja, inajisugua na kupasuka. Tope inaingia. Baada ya muda mfupi, dereva anayekata kona anasikia mlio wa "ta-ta-ta". Wengine wanaweka vipande vya kushusha diferansieli ili pembe ipungue. Inasaidia kidogo, lakini inarudisha chini kile mtu alitaka kipande juu.

Ujanja wa kipande cha bei rahisi

Kombine mpya iko ghali, basi wengine wanatafuta njia ya mkato: kipande cha chuma ama plastiki ngumu kinachowekwa juu ya kombine ya zamani. Hapa kuna hesabu ambayo inadanganya wengi. Kombine haikukaa mwisho wa mkono, imekaa sehemu ya ndani. Kwa hiyo kipande cha sentimeta mbili na nusu juu ya kombine kinaweza kuinua gari karibu mara mbili ya kimo hicho. Yule anayeweka kipande cha sentimeta tano akiamini ameinua sentimeta tano amekwisha kuvuka mpaka kwa mbali.

Kibaya zaidi, kipande cha namna ile kinasukuma kombine yote chini. Gurudumu likining'inia, mikono inashuka kuliko vile kiwanda kiliruhusu, na ni rotuli ndiyo inakuwa kizuizi cha mwisho badala ya amortiseri. Rotuli haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Kombine zenye nyuzi, zile ambazo fundi anazungusha ringi ili kupandisha gari, ziko nzuri zaidi kwa sababu unaweza kuchagua kimo. Lakini ringi ikizungushwa mpaka juu, gari inakuwa ngumu kama gogo na inapoteza mwendo wa kushuka. Tena, resori inapaswa kulingana na uzito wa mbele. Resori iliyotengenezwa kwa gari yenye chuma kizito cha kukinga na mashine ya kujivuta, ukiiweka kwenye Hilux tupu, itainua zaidi ya kile kilichoandikwa kwenye sanduku. Ndiyo maana kipimo cha kweli hakiko kwenye sanduku. Kinapatikana kwa utepe: gari ikiwa mahali pa usawa, pima kutoka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, kabla ya kazi na baada ya kazi. Tofauti ndiyo kimo ulichopata.

Mambo matatu ambayo magaraji yanasahau

La kwanza ni silambloki. Fundi akikaza buloni za triangili wakati gari iko juu ya kriki na magurudumu yananing'inia, kauchu inashikwa katika mkao huo. Gari ikishuka chini, kauchu inabaki imejikunja, na itapasuka mapema hata kama ilikuwa mpya. Buloni hizo zinapaswa kulegezwa, gari ishushwe juu ya magurudumu yake, itikiswe kidogo, kisha zikazwe kwa nguvu iliyoandikwa na kiwanda. Ni kazi ndogo isiyohitaji chombo cha ajabu, lakini mara nyingi inarukwa juu ya haraka.

La pili ni paralelizimu. Ukiinua mbele, magurudumu yanabadilisha mkao: yanaweza kufunguka ama kufungana, na pembe inayofanya usukani ujirudie katikati inapungua. Gari inaanza kutangatanga barabarani, na mipira inalika upande mmoja. Kwenye Hilux kuna buloni za kurekebisha kwenye triangili ya chini, lakini marekebisho yake yana mwisho. Gari ikiinuliwa kupita kiasi, fundi wa paralelizimu atafika mwisho wa buloni bila kupata vipimo. Hapo triangili mpya ya juu, yenye pembe tofauti na rotuli yenye mwendo mrefu zaidi, inakuwa lazima. Lakini hata triangili mpya haiponyeshi kila kitu: kardani zinabaki katika pembe ileile.

La tatu ni hatari kuliko yote, na halionekani. Hilux nyingi ziko na kifaa kidogo nyuma, kilichounganishwa kwa fimbo kati ya ponti na shasi, ambacho kinapima mzigo. Nyuma ikishuka kwa uzito, kinaongeza nguvu ya freni za nyuma. Nyuma ikiwa juu, kinaamini gari iko tupu na kinapunguza nguvu hiyo. Sasa, watu wengi wanaoinua mbele wanainua nyuma pia kwa kuongeza lami. Fimbo ile isiporekebishwa, gari yenye mzigo wa tani moja itashuka Ngomo huku freni za nyuma zikifanya kazi kama vile hakuna mzigo. Mipira ya freni nayo, ile inayopeleka mafuta mpaka kwenye gurudumu, inapaswa kukaguliwa wakati gurudumu linaning'inia. Ikivutika kama kamba ya nguo, ni fupi.

Kile ambacho kuinua hakuleti

Watu wengi wanainua gari wakitaka vitu viwili: kupita kwenye tope na kubeba zaidi. Kwa yote mawili, kuna kutoelewana.

Kuinua mbele kunainua tumbo la gari na diferansieli ya mbele, ni kweli. Lakini ponti ya nyuma ya Hilux ni chuma kimoja kilichokaa katikati ya magurudumu. Unaweza kuweka lami kumi, ponti ile haitapanda hata sentimeta moja, kwa sababu inainuliwa na kimo cha mpira peke yake. Kwenye mifereji ya lori, mara nyingi ponti ya nyuma ndiyo inakwama kwanza. Dereva anakwama palepale alipokuwa anakwama, na sasa ana rotuli mbovu pia.

Kuhusu mzigo, Hilux ya kawaida inatengenezwa kubeba karibu tani moja, watu wakiwa ndani ya hesabu. Resori kali inafanya gari isishuke sana ikipakiwa, na hapo macho yanadanganyika: mtu anaona gari imesimama sawa, anaongeza mifuko. Lakini shasi, freni, rotuli na ponti hazikubadilika. Resori inaficha uzito, haiuondoe.

Kuna jambo ingine rahisi ambalo wengi wanaliruka. Gari nyingi zinazotembea kwetu zilikuja zikiwa zimetumika, na resori zao zimechoka. Zimeshuka chini ya kimo cha kiwanda. Gari ya namna hiyo haihitaji kuinuliwa, inahitaji kurudishwa. Resori na amortiseri mpya za kipimo cha kiwanda, mipira mizuri ya kimo kinachokubalika, na bamba la chuma la kukinga tumbo vinaweza kumpa dereva sehemu kubwa ya kile anachotafuta, bila kugusa pembe za viungo.

Abiria hana sauti garajini

Mwenye gari ndiye anachagua kimo. Fundi ndiye anapokea feza. Abiria anayekaa nyuma juu ya mifuko hakuulizwa kitu, na hawezi kujua kama silambloki zilikazwa gari ikiwa juu ama chini. Karatasi ya kontroli tekniki ingepaswa kusema kwa niaba yake. Inchi iko na kanuni ya barabara tangu sheria ya 30 Agosti 1978, na polisi wa barabara wanaomba karatasi kila siku. Lakini karatasi iliyotolewa bila mtu kuingia chini ya gari inapima mfuko wa dereva, haipimi rotuli.

Kuna mambo ambayo yanaweza kufanywa bila kungoja Kinshasa. Vyama vya madereva vinaweza kukubaliana juu ya kimo cha mwisho kwa gari zinazobeba watu: sentimeta tano kwa triangili za kiwanda, na zaidi ya hapo gari isipakie abiria mpaka vyombo vyote vibadilishwe na kukaguliwa. Wenye magari wanaweza kuomba fundi awaonyeshe kipimo cha utepe kabla na baada, na kurudi kukaza buloni tena baada ya siku chache za barabara. Dereva anaweza kila asubuhi kuangalia upande wa ndani wa gurudumu la mbele: grisi iliyomwagika, ngozi iliyopasuka, mpira unaolika upande mmoja. Kukagua hivyo kunachukua dakika tano. Akisikia mlio wa chuma mbele, asingoje soko lipite.

Abiria naye iko na haki ya kuuliza. Gari inayotangatanga kwenye njia nyoofu, usukani usiorudi wenyewe baada ya kona, mlio unaorudi kwenye kila shimo: hizo ni alama ambazo hata mtu asiyejua gari anaweza kuzitambua.

Lakini hata fundi mwema kuliko wote hawezi kufunga kombine itakayoondoa shimo barabarani. Mashirika ya raia yanapouliza feza za matunzo zinaenda wapi, watu wengine wanaona ni maneno ya siasa. Kumbe swali lile liko pia ndani ya garaji, mkononi mwa fundi anayetoa rotuli iliyokwisha na kutafuta ingine. Kilometa inayotengenezwa inapunguza gari zinazoinuliwa kwa lazima. Mpaka siku hiyo ifike, sentimeta tano ni tano. Anayeongeza ya sita ajue ni watu gani watakaa juu yake.